Kulipa kaya zinazotenga taka: Moshi hiyo hela itatoka wapi?

Mpita Njoro (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Mkutano wa mtaa wetu hapa Moshi umeisha kwa makofi. Mheshimiwa mmoja (simtaji, na chama chake sikitaji, maana uzi utaharibika kabla haujafika ukurasa wa pili) ameleta wazo: kila kaya igawiwe viroba viwili, kimoja cha chupa, makopo na maboksi, kingine cha taka zilizobaki. Gari likipita, kile cha kwanza kinapimwa, kaya inaandikiwa pointi, mwisho wa mwezi pointi zinageuka vocha ya dukani. Akamalizia na ile kauli inayofunga mijadala yote nchi hii: wenzetu Uingereza walifanya wakafanikiwa.

Sina ugomvi na wazo. Ugomvi wangu ni kuletewa nusu ya habari. Walifanya, ndiyo, na ilikuwa siasa za uchaguzi kabla haijawa mazingira. Serikali ya Labour ilipitisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2008, na ndani yake kulikuwa na kipengele cha kuruhusu halmashauri chache zijaribu kumtoza zaidi mwenye taka nyingi. Wapinzani wao, Conservative, wakaibandika jina la kodi ya pipa, na watu wakaichukia kama sisi tulivyoichukia tozo ya miamala. Conservative wakaja na kinyume chake: sisi hatutakutoza, tutakulipa. Mfano wao ulikuwa halmashauri ya Windsor na Maidenhead, ambako majaribio yalianza 2009 na mwaka uliofuata yakatandazwa eneo zima. Kampuni iliyoendesha mpango, RecycleBank, ilizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 2004. Pipa la kila nyumba lilikuwa na kidude cha utambulisho, gari likiliinua lilisoma namba na kupima uzito, pointi zikaingia kwenye akaunti ya nyumba hiyo. Baada ya uchaguzi wa Mei 2010 waziri wa serikali za mitaa wa Conservative, Eric Pickles, akaupigia debe mpango huo nchi nzima, na kile kipengele cha tozo kikafutwa mwaka 2011.

Sasa vocha zililipwa na nani? Hapo ndipo mheshimiwa aliporuka. Uingereza ina kodi ya dampo tangu 1996. Mwaka 2010 ilikuwa pauni 48 kwa tani, ikipanda pauni 8 kila mwaka hadi ikafika 80 mwaka 2014. Maana yake kila tani ambayo halmashauri iliizuia isifike dampo, ilibaki na pauni 48 ambazo vinginevyo zingekwenda serikali kuu, achilia mbali ada ya mwenye dampo. Ukitoa vocha humo, bado una chenji.

Njoo kwetu. Tani moja ikimwagwa dampo la Kaloleni, nani anaiandikia manispaa ankara ya kodi? Hakuna. Tani hiyo isipofika, tunaokoa dizeli na tairi, basi. Kwa hiyo vocha ya mheshimiwa itatoka kwenye ushuru wa taka tunaolipa wenyewe, halafu tupigwe picha tukiipokea kama zawadi.

Na kuna Wales, ndani ya Uingereza hiyo hiyo, ambayo hakuna anayeitaja mikutanoni. Wao hawakuhangaika sana na pointi. Waliziwekea halmashauri zenyewe malengo ya kisheria, asilimia 64 ya taka zirejelezwe ifikapo 2019/20, na halmashauri ikishindwa inaweza kutozwa pauni 200 kwa kila tani iliyopungukiwa. Wakakusanya mabaki ya chakula kila wiki, nyumba kwa nyumba. Wales ikavuka asilimia 60, England ikakwama kwenye arobaini na kitu miaka nenda rudi.

Hoja yangu ni hii: kabla ya kuuliza tumlipe nani, tuulize ni nani anayeumia mfukoni taka zikifika dampo. Kama hayupo, vocha itadumu mpaka kura zihesabiwe. Karibuni, matusi pembeni.

---

Chuga Damu

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Huku Arusha tungeshapewa fulana kwanza, pointi baadaye.

---

Sheria Mkononi

Mleta mada umeandika vizuri ila umezunguka sana. Moshi imekuwa ikitajwa miaka kadhaa kuwa mji msafi kuliko yote nchini, na hatukufika hapo kwa vocha. Tulifika kwa faini. Dondosha ganda la ndizi pale stendi uone kama hujaambiwa habari za Sh 50,000. Mtu anatimiza wajibu wake halafu unamlipa? Kesho atataka alipwe kwa kuvuka kwenye pundamilia. Uchafu ni tabia, na tabia inanyooshwa.

---

Mzani wa Majengo

Mimi ni mnunuzi wa skrepa, nilianza na mkokoteni, sasa nina banda. Wengi mnaandika kuhusu kiroba cha chupa ambacho hamjawahi kukifungua, kwa hiyo nivumilieni.

Chupa za maji za nusu lita, ili zifike kilo unahitaji hamsini na kitu, na hizi za siku hizi zilivyo nyembamba hata hiyo hamsini haitoshi. Kizibo kinatolewa, kwa sababu ni plastiki ya aina nyingine na kinauzwa peke yake. Chupa nyeupe upande wake, ya rangi upande wake, na iliyokuwa na mafuta ya kula simpokelei mtu. Kisha zinakanyagwa moja moja, maana ukipakia bila kukanyaga unalipa lori libebe hewa mpaka Dar. Kuna wajanja wanaacha maji kidogo ndani ili kiroba kiwe kizito. Ndiyo maana kabla ya kuweka kwenye mzani nakitikisa kwanza nasikiliza. Sasa yule kijana wa gari la taka, dereva anapiga honi, kuna mtaa mzima unamsubiri, atatikisa kiroba cha nani?

La pili. Mnasema kaya zipewe motisha ya kutenga. Motisha ipo, inaitwa mimi. Kilo ya chupa haifiki bei ya mkate, lakini kuna watu wanaamka saa kumi na moja alfajiri kwa ajili yake. Mama mmoja ananiletea mzigo kila wiki, amesomesha kwa hiyo kazi. Hana pipa wala geti, na wala hana akaunti ya pointi. Ukiichukua chupa mlangoni kwa mwenye nyumba na kumwandikia vocha, wewe hujaongeza hata chupa moja kwenye urejelezaji. Umeitoa kwenye kiroba cha huyu mama ukaipeleka kwa mtu mwenye friji.

---

Mpita Njoro

Mkuu Mzani, hiyo ya friji nimeikubali.

Sheria Mkononi, faini inashughulika na ganda lililodondoka stendi. Taka zilizotoka jikoni kwako zikiwa zimefungwa vizuri hazina faini, na ndizo nyingi. Tunafagia vizuri kuliko miji mingine, sibishi. Kisha tulichofagia chote tunakipeleka Kaloleni.

---

Mama Wawili wa Rau

Jamani mie si mtu wa siasa, ila nimesoma na nina swali. Hizo chupa za kujaza kiroba nazitoa wapi?

Maji tunachemsha. Soda tunakunywa watoto wakipata kipaimara. Maganda ya ndizi na majani ya mgomba ni ya ng'ombe, makombo ni ya nguruwe, majivu yanakwenda chooni au kwenye migomba, gazeti nawashia moto. Kinachobaki kwangu ni vile vifuko laini walivyofungia nyanya sokoni Mbuyuni na pakiti za maziwa, na hivyo najua kaka Mzani hanunui. Sasa mtaa wetu una baa mbili. Kila Jumatatu wanatoa chupa tupu za plastiki viroba kwa viroba. Wakianza kupima, bingwa wa mazingira wa kata atakuwa mwenye baa, na mimi nitaitwa mchafuzi kwa sababu kiroba changu ni chepesi.

---

Mpita Njoro

Mama Wawili, shikamoo. Hilo ndilo lililowasumbua hata wao. Ukilipa kwa uzito, anayenunua vingi anapata vingi, na yule aliyeacha kununua kabisa anaambulia sifuri. Kule Windsor chupa ya mvinyo ya kioo ilikuwa na uzito mzuri kuliko gazeti. Mlevi alikuwa na pointi.

Na umegusa kitu kingine ambacho mheshimiwa hakukitaja hata mara moja: sehemu kubwa ya taka za nyumbani katika miji yetu ni mabaki ya chakula na mimea. Ndiyo mazito, ndiyo yanayooza, ndiyo yanayoleta harufu na inzi dampo. Mpango wa vocha unahusu ile sehemu ndogo ambayo tayari ina soko, na unaiacha ile kubwa isiyo na mnunuzi. Wewe na ng'ombe wako mmeshaitatua bila pointi. Shida ni mpangaji wa Soweto au Bondeni asiye na ng'ombe.

---

Mangi Mstaafu

Nguruwe wa Rau wapewe ujumbe wa kamati ya mazingira. Sijatania.

---

Mjumbe wa Pasua

Niweke hoja ya kuokoa wazo, maana mnalizika likiwa hai.

Vocha ya dukani ni usumbufu, nakubali. Lakini LUKU ipo. Serikali tayari inakata kodi ya jengo humo tangu Agosti 2021, Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda Sh 1,500 mwaka 2023. Mfumo unajua kila mita. Kaya ikithibitishwa inatenga taka, ipunguziwe kitu humo humo au kwenye ushuru wa taka. Hakuna kuchapisha vocha wala duka la mheshimiwa kuneemeka. Nimewahi kuwa mjumbe, najua watu wanavyochangamka ukiwaambia watalipa pungufu.

---

Mpangaji Namba Sita

Mjumbe, hiyo LUKU usiiguse kabisa. Nyumba ninayokaa tuna vyumba sita, mita moja, pipa moja. Kodi ya jengo tunakatwa sisi tunaonunua umeme, mwenye nyumba yuko Dar na hajawahi kutufidia hata shilingi. Sasa mkiniambia punguzo litaingia kwenye mita, litakuwa la nani? La mimi ninayetenga, au la yule wa chumba cha pili anayetupa pampasi juu ya kiroba cha chupa? Kabla ya kuandika sera ya kaya, njooni uani kwetu mtuonyeshe kaya ni ipi.

---

Mjumbe wa Pasua

Hapo umenikamata, mdogo wangu.

---

Chuga Damu

Kahawa imeisha, nichangie.

Mnatazama sana Uingereza. Wana barabara, gari linafika kila mlango. Njooni Unga Limited muone vichochoro ambavyo hata guta linapita kwa kuomba radhi. Watu wa kujifunza kwao ni Curitiba, Brazil. Walikuwa na mitaa ya mabondeni ambayo gari la taka haliingii. Mwaka 1989, chini ya meya Jaime Lerner, wakaanza kuwaambia watu: leteni taka wenyewe mpaka pale gari linapofika, tutawapa tiketi za basi na chakula. Mwaka 1991 wakaongeza mpango wa pili: lete kilo nne za vitu vinavyorejelezwa, uondoke na kilo moja ya mboga na matunda, na mboga zenyewe ni za wakulima wa karibu waliokuwa na mazao ya ziada.

Angalia hesabu yake. Manispaa ilikuwa inakwepa gharama halisi, ya kupeleka watu na vifaa mabondeni, na ya magonjwa. Mkulima akapata soko. Zawadi ikaenda kwa maskini, kwa sababu mwenye gari hawezi kupanga foleni kwa ajili ya kabichi. Na sisi tunao msimu ambapo kabichi na nyanya zinaoza soko la Kilombero hadi unaziruka. Nguvu ile ile inayozisomba kwenda dampo la Muriet ingezisomba kwenda mtaani.

---

Sheria Mkononi

Huo mfano wa Curitiba naukubali shingo upande. Tofauti yake ni kwamba pale mtu anafanya kazi ya manispaa, anabeba taka mwenyewe. Huo ni ujira. Kumlipa mtu kwa kutumia mapipa mawili badala ya moja, bado nasema ni kubembeleza.

---

Shusha Mweka

Mimi kazi yangu ni mlimani. Watu wa mjini hamuwezi kuamini, lakini mfumo mnaoutafuta upo kilomita chache juu yenu. Kilimanjaro taka zinapimwa. Mkipanda mmebeba makopo na vifungashio, mkishuka watu wa hifadhi wanataka kuona uzito unaoeleweka, na pasipoeleweka anayebanwa ni kampuni na kiongozi wa safari. Mpagazi haulizwi na mgeni haulizwi. Hakuna aliyewahi kupewa vocha kwa kushusha kopo la maharage, na makopo yanashuka, kwa sababu kiongozi anajua kibali chake ndicho kitakachosumbuliwa. Ukishashika yule mmoja anayeamua kinachopakiwa, wengine wote wanapangika.

Ila nakubali mlima una geti. Moshi haina geti.

---

Mpita Njoro

Moshi haina geti, lakini kiwanda cha maji kina geti, na kiwanda cha soda kina geti.

Wote humu mmekua na kreti. Ukienda dukani kuchukua soda ya chupa ya kioo bila chupa tupu, Mangi anakudai hela ya chupa. Ukirudisha, anakurudishia. Hakuna aliyeandikiwa sera wala kupigwa semina, na huoni chupa ya soda ya kioo imezagaa mtoni Karanga, kwa sababu mtoto akiiona anaikimbiza dukani. Bia hivyo hivyo. Kisha viwanda vikaleta plastiki, gharama ya kurudisha chupa ikahama kutoka kiwandani ikaja kwetu, na leo tunakusanyika kwenye mkutano wa mtaa kujadili nani atulipe.

Ujerumani waliona hilo. Tangu 2003 chupa ya plastiki na kopo la kinywaji vya kutumika mara moja vinauzwa na amana ya senti 25 za euro juu. Ukirudisha unaipata yote, na chupa karibu zote zinarudi. Hela hiyo haitoki kwenye bajeti ya halmashauri hata kidogo. Na Mzani, usiogope: kule aliyeokota chupa barabarani ndiye anayelipwa, awe na nyumba au asiwe nayo. Yule mama anayekuletea mzigo angepata zaidi kwa chupa chache kuliko anavyopata sasa kwa kiroba.

---

Mzani wa Majengo

Siogopi, ila nina wasiwasi wa aina nyingine. Chupa za kioo zilifanya kazi kwa sababu viwanda vilikuwa vichache na chupa inajazwa tena. Leo viwanda vya maji vya hapa kaskazini ni vingi, vingine vina mashine mbili na jina la mtoto wa mwenye kiwanda kwenye lebo. Chupa yake ikirudi dukani, Mangi atamdai nani? Na duka dogo halina pa kuweka viroba vya chupa tupu, mpaka mtu kama mimi awekwe katikati na mkataba. Pia lazima iwe nchi nzima, la sivyo chupa zitapanda lori kutoka mikoa mingine kuja kula amana ya Moshi. Manispaa peke yake haiwezi.

---

Mpita Njoro

Sahihi, hilo la nchi nzima siwezi kulipinga. Ila tukumbuke viroba vya pombe viliondoka mwaka 2017 na mifuko ya plastiki Juni 2019, kote kwa tamko la serikali kuu, na viwanda vilikuwepo na vililalamika. Kilichofuata baadaye kwenye mifuko ni ulegevu, hivyo vifuko vya nyanya anavyovisema Mama Wawili ndiyo ushahidi. Serikali ikitaka, kiwanda kinasikia.

Kwa manispaa, linalowezekana kesho ni dogo: taka za masoko. Mbuyuni, Manyema na Kiboriloni zinatoa maganda na majani kila siku, sehemu moja, bila kubisha hodi kwa mtu. Yatengwe hapo hapo, yaende kwa wafugaji na kwenye mboji. Dizeli itakayookolewa inahesabika, na nyumba ambazo gari haliwafikii zinaweza kuanza na utaratibu wa Curitiba kwa hela hiyo. Kikao kijacho namuuliza mheshimiwa maswali mawili kwa maandishi: vocha inatoka kifungu gani cha bajeti, na baada ya mwaka wa kwanza inalipwa na nani.

---

Sheria Mkononi

Muulize na la tatu, huo mzani wa kupimia viroba atanunua kwa nani.

---

Chuga Damu

Hahaha, hilo la tatu ndilo litakalovunja kikao.

---

Mpangaji Namba Sita

Nami nitakuja, na wa chumba cha pili nitamleta.

---

Mama Wawili wa Rau

Kikao kijacho mtangaze mapema na kisiwe saa kumi jioni. Saa hizo nakamua.